Ugonjwa wa mwinuko: jinsi ya kujikinga, na la kufanya mtu akiugua mlimani

Kama unajiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro, au una ndugu anayepanda kwa kazi ya upagazi, soma ukurasa huu kabla ya safari. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii katika vijiji vilivyo chini ya mlima huo. Wengi wanaoniuliza kuhusu ugonjwa wa mwinuko huniuliza wakiwa wamechelewa: mtu ameshashushwa, ameshalazwa, na familia inataka kujua alipatwa na nini. Wengine husema tu kwamba mlima ulimkataa. Ugonjwa huu unajulikana, una dalili zake, na unatibika vizuri ukiwahiwa. Tiba yake kubwa ni kushuka.

Kwa nini mtu huugua

Wengi huamini kwamba kule juu oksijeni haipo. Ipo. Hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ina asilimia 21 ya oksijeni sawa na hewa ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, hivyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni kidogo zaidi mwilini. Ukifika Horombo, mita 3,720, pumzi moja inakupa takribani theluthi mbili ya ile ya pwani. Kileleni inakupa karibu nusu.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unahitaji siku. Kwanza unapumua haraka na moyo unapiga kwa kasi, kisha figo hurekebisha damu, na baada ya wiki kadhaa chembe nyekundu huongezeka. Ukipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea, ndipo unapougua.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Mazoezi ya mbio, mpira au gym yatakusaidia miguu na pumzi, lakini hayakukingi na ugonjwa huu. Mwenye nguvu huwa hatarini zaidi kwa sababu anaweza kwenda haraka. Wala kuzaliwa Marangu au Machame si kinga. Kuishi kwenye mita 1,500 kunakupa faida kidogo tu unapolala kwenye mita 4,700. Na kama ulipanda salama mwaka jana, hiyo si hakikisho la mwaka huu: mwili husahau mwinuko ndani ya siku hadi wiki chache baada ya kushuka.

Dalili za mwanzo

Dalili huanza saa 6 hadi 24 baada ya kufika juu, hasa ukipita mita 2,500. Kichwa kuuma ndiyo ya kwanza. Pamoja nayo unaweza kupata kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu usioendana na kazi uliyofanya, na usingizi wa mang'amung'amu. Mtu huonekana kama aliyeamka na uchovu wa pombe.

Mambo mengine huwatisha watu bure. Kwenda haja ndogo mara nyingi ni kawaida, na ni ishara kwamba figo zinafanya kazi yake. Vidole au uso kuvimba kidogo pia hutokea. Usiku unaweza kumsikia mwenzako hemani anapumua, ananyamaza sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kwa nguvu kama aliyezinduka majini. Inatia hofu kuisikia, lakini hupumua hivyo watu wengi wazima wa afya wanapolala juu. Mwache alale, mradi akiamka anaongea vizuri na hana shida ya kupumua.

Kanuni ya kufuata: mtu yeyote akiugua juu ya mita 2,500, mchukulie kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Usianze kutafuta sababu nyingine, kwamba alikula vibaya, au ni jua, au ni uchovu wa begi.

Malaria inahitaji neno la peke yake, kwa kuwa dalili zinafanana: kichwa, kutapika, kuishiwa nguvu. Mtu anaweza kuumwa na mbu Moshi mjini au nyumbani kwake pwani, akapanda akiwa mzima, na malaria ikajitokeza siku ya tatu ya safari. Ukiwa na homa au umejisikia vibaya wiki ya kuondoka, pima kabla ya kwenda. Kipimo cha haraka kipo hadi zahanati. Lakini mtu akiugua mlimani, usimpe dawa ya malaria ukaendelea kupanda naye. Mshushe, apimwe chini. Akikutwa na malaria, kushuka hakukumdhuru.

Dalili zinazoua

Ugonjwa ukizidi huingia kwenye mapafu au kwenye ubongo, na mara nyingine vyote viwili. Hapa tunahesabu saa.

Mapafu yakianza kujaa maji, mtu huhema hata akiwa amekaa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia: kila mtu huhema akipanda, lakini baada ya kupumzika dakika kumi pumzi hurudi. Huyu hairudi. Hushindwa kutembea mwendo wa wenzake, ana kikohozi kinachoanza kikavu na baadaye kutoa makohozi yenye povu, pengine ya rangi ya waridi. Midomo na kucha hubadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu. Kwa watu weusi angalia ndani ya mdomo, ulimi na kucha, maana ngozi haitakuonyesha. Kifua chake ukikisikiliza kwa sikio unaweza kusikia mchakacho kama wa karatasi. Mara nyingi huanza usiku wa pili hadi wa nne, na huweza kuja bila kichwa kuuma.

Ubongo ukivimba, mtu hupepesuka. Anajibu mambo yasiyoulizwa, anakuwa mkali au mpole kupita kawaida yake, anashindwa kufunga kamba za viatu, anasinzia na haamki vizuri. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Chora mstari ardhini, mwambie atembee hatua kama kumi juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Fanya wewe kwanza, ili ujue ardhi na baridi vinachangia kiasi gani. Kama wewe unaweza na yeye anayumba au anatoka nje ya mstari, ubongo umeguswa. Kuanzia hapo anaweza kupoteza fahamu na kufa ndani ya saa 24. Usisubiri asubuhi.

La kufanya hapo hapo

Mwenye dalili za mwanzo tu asipande tena siku hiyo. Akae hapo alipo, ale kidogo kidogo, anywe maji au chai, na anaweza kumeza parasetamoli au ibuprofeni kwa ajili ya kichwa. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja au mbili, na dalili zikiisha kabisa anaweza kuendelea. Zikibaki vile vile baada ya siku moja, au zikizidi wakati wowote, ashuke. Na hata kama kikundi kina ratiba, asiongezewe hata mita mia moja akiwa bado na dalili.

Mwenye dalili za mapafu au ubongo anashuka sasa, iwe usiku, iwe mvua, ili mradi njia inapitika kwa usalama. Lengo ni kushuka angalau mita 300 hadi 1,000, au mpaka dalili zipungue. Kutoka Kibo, mita 4,720, hadi Horombo ni mita 1,000 kamili. Aliyeko kambi ya Barafu, mita 4,670 hivi, huteremshwa kwa njia ya Mweka. Begi lake lote libebwe na mwingine. Mgonjwa wa mapafu akae wima, afunikwe apate joto, na asijikaze kutembea kama kuna namna ya kumbeba, kwa sababu kujikaza na baridi humzidishia maji kifuani. Askari wa hifadhi wana machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo. Waite mapema, na usikae kuwasubiri kama mnaweza kuanza kushuka.

Oksijeni ya mtungi ikiwepo apewe, lakini mtungi ni wa kumsaidia akishuka. Umeona mtu amevuta oksijeni, rangi imerudi, kikundi kikaamua kuendelea? Mtungi ukiisha anarudi pale pale, na sasa mko juu zaidi. Hivyo hivyo kwa dawa za dharura. Deksamethasoni, kwa ubongo uliovimba, hutolewa miligramu 8 mwanzo, kisha 4 kila baada ya saa 6. Nifedipini ya kuyeyuka taratibu, miligramu 30 kila saa 12, husaidia mapafu pale ambapo oksijeni au kushuka vinachelewa. Ni dawa za kutolewa na mtu aliyefundishwa, kama kiongozi mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza au mhudumu wa afya. Zinaongeza muda wa kushuka. Aliyepata nafuu kwa deksamethasoni bado ni mgonjwa.

Siku hizi viongozi wengi hubeba kile kipimo cha kubana kidoleni. Kinasaidia, ila kisikutawale. Mtu mzima wa afya pale Kibo anaweza kuonyesha asilimia 80 na kitu, namba ambayo kwetu zahanati ingetufanya tukimbilie oksijeni. Vidole vya baridi pia hudanganya kifaa. Mtu anayepepesuka na kipimo kinasema yuko vizuri, amini miguu yake.

Jinsi ya kujikinga

Nunua siku. Najua siku moja zaidi mlimani ni gharama ya ada za hifadhi, chakula na malipo ya kikosi, na ndiyo maana makundi yetu ya ofisini na ya vyuo, hasa yale ya kuelekea tarehe 9 Desemba, huchagua safari fupi kuliko zote. Lakini tazama hesabu. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, sehemu unayolala leo isizidi ya jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja bila kupandisha. Safari ya siku tano ya Marangu inakulaza Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo mita 3,720, kesho yake Kibo mita 4,720, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Ni mita 1,000 kila siku, mara mbili ya ushauri. Ukiongeza siku ya sita ukalala Horombo mara mbili, na mchana wa katikati ukatembea hadi kwenye Mawe ya Pundamilia kisha ukarudi kulala, umepunguza hatari kwa pesa ndogo kuliko dawa yoyote nitakayokutajia. Njia ya Machame ya siku saba inakupandisha Lava Tower, kama mita 4,600, na kukurudisha kulala Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini: mwili unapenda hivyo.

Wanaokwenda Mlima Kenya wajihadhari na jambo hilo hilo. Kwa njia ya Naro Moru unaweza kulala Met Station, mita 3,050, siku ya kwanza, na ya pili ukawa Mackinder's Camp, mita 4,200. Kilele cha Lenana ni mita 4,985, kifupi kuliko Kilimanjaro, na watu hukidharau kwa sababu hiyo.

"Pole pole" ya viongozi ni maagizo ya kiafya. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kunywa maji ya kutosha, kiasi cha mkojo kuwa na rangi hafifu, lakini usijilazimishe lita sita ukidhani maji yanazuia ugonjwa. Hayazuii, na maji kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na kuleta dalili zinazofanana na ugonjwa wenyewe. Kula wanga hata kama hamu haipo: uji, wali, ndizi. Chai na kahawa havina shida. Pombe kali ya "kupasha mwili moto" acha kabisa, pamoja na dawa za usingizi, kwa sababu hupunguza kasi ya kupumua usiku. Kitunguu saumu na tangawizi naulizwa sana. Tangawizi inaweza kutuliza tumbo, ila usiitegemee kuwa kinga.

Dawa ya kinga ipo, asetazolamidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, yaani nusu ya kidonge cha 250, kuanzia siku moja kabla ya kupanda hadi unapoanza kushuka. Inaharakisha mwili kuzoea. Haifichi dalili, hivyo ukiugua huku unaitumia, ugonjwa ni wa kweli. Vidole na midomo huwasha kama vyenye ganzi, mkojo huongezeka, na soda hupoteza ladha, hayo hupita. Muone daktari kwanza, na umwambie kama umewahi kupata mzio wa dawa za salfa, kama una ugonjwa wa figo au ini, au kama una mimba. Usipewe vidonge na mwenzako hemani.

Nani aahirishe au amwone daktari kwanza

Mwenye selimundu asipande milima hii. Oksijeni ikipungua chembe zake hujipinda na kuziba mishipa. Na hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani haumwi chochote, anaweza kupata tatizo la bandama akiwa juu: maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Wengi katika nchi yetu wana kinasaba hicho bila kujua. Kama kuna mgonjwa wa selimundu katika ukoo wako, pima kabla ya safari, na maumivu hayo yakitokea, shuka.

Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu wa muda mrefu, na wenye upungufu mkubwa wa damu waongee na daktari mapema. Mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kupanda, ila dawa ya kuvuta ikae mfuko wa ndani isigande kwa baridi. Mwenye mafua ya kifua au kikohozi wiki ya safari aahirishe. Aliyewahi kujaa maji mapafuni mlimani yuko katika hatari kubwa ya kurudiwa.

Kwa wapagazi na familia zao

Haya nayaandika kwa sababu ya kijana mmoja wa kijijini kwetu. Nilikwenda kwa mama yake kwa ajili ya chanjo ya mjukuu, akaniambia mwanawe amerudi mlimani na "malaria iliyopanda kichwani". Nikamuuliza kijana mwenyewe. Kichwa kilimuuma siku mbili na hakusema, kwa kuwa anayeshushwa huhofia kukatwa malipo na kutoitwa tena. Siku ya tatu alianguka na mzigo. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilimwambia ashuke peke yake, kwa sababu wengine walihitajika juu. Jioni wapagazi wa kundi lingine walimkuta amekaa kando ya njia, akiwa hajui anaelekea wapi. Wao ndio waliomshusha. Huku chini alipimwa, malaria haikuonekana, akapewa dawa yake hata hivyo. Mpaka nilipofika hapo, hakuna aliyekuwa amewaambia jina la ugonjwa wake.

Wagumu, kama wanavyojiita, wanapanda kwa kasi kuliko wageni, wakiwa na mzigo wa hadi kilo 20, nguo nyepesi na mara nyingine mlo mmoja. Mwili wao unafuata sheria zile zile. Kama wewe ni mpagazi, mwambie kiongozi kichwa kinapoanza, wakati bado unaweza kushuka kwa miguu yako. Kama wewe ni kiongozi, waulize wapagazi kila jioni kama unavyowauliza wageni, mmoja mmoja, na uwatembeze kwenye mstari. Mgonjwa asishuke peke yake kamwe. Na kama wewe ni mgeni uliyelipia safari, una haki ya kuuliza nani ameshushwa na nani amemsindikiza.

Baada ya kushuka

Dalili za mwanzo huisha zenyewe ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili. Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kulikuwa na kuchanganyikiwa, kupepesuka, kupoteza fahamu, kuhema ukiwa umekaa au makohozi yenye povu, hata kama sasa unajisikia nafuu. Hospitali ya rufaa ya KCMC ipo Moshi. Mweleze mtoa huduma ulikuwa mita ngapi, ulipanda kwa siku ngapi, dalili zilianza lini na ulimeza nini. Usiseme tu "nimetoka mlimani". Homa ikiwepo, omba kipimo cha malaria na usubiri majibu kabla ya dawa. Aliyepata dalili za mapafu au ubongo asirudi juu, hata kwa kazi, mpaka daktari amruhusu.

Kabla hamjapita geti, kaeni kikundi kizima mkubaliane mambo mawili: nani atashuka na wa kwanza kuugua, na fedha za gari la kumtoa getini hadi hospitali zitakaa kwa nani. Mkiyaacha mpaka usiku wa Kibo, kila mtu atakuwa amechoka, ana baridi, na anatazama juu.